Siku Sita Kabla ya Ishirini

Jumatatu, 4 Agosti

Leo redio imenifumbua macho. Mtangazaji wa michezo alisema mabingwa vijana katika tenisi ya wanaume wamekuwa adimu kama maziwa ya kuku. Zamani kijana wa miaka kumi na saba aliweza kuwachapa watu wazima na kuondoka na kombe kubwa. Karne hii waliofanya hivyo kabla ya kutimiza ishirini ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki. Sababu? Mchezo umekuwa wa nguvu, na mwili wa kijana haujakomaa. Halafu wakubwa hawang'atuki. Wana madaktari, wapishi, wakandaji. Mtu ana miaka thelathini na saba na bado anaruka kama panzi!

Nikazima redio. Nikafikiri mpaka chai ikapoa. Kitu kikiadimika, mwenye nacho ni mfalme.

Mimi ni mtunza viwanja na fundi wa nyuzi za raketi hapa klabuni, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ninaye mpwa, mtoto wa dada yangu. Ana mkono kama manati. Fainali ya klabu ni Jumamosi, na yeye ameshaingia nusu fainali. Nilikwenda ukumbini kuusoma ubao wa mabingwa: jina, mwaka, umri. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka ishirini na sita. Miaka tisa iliyopita ni jina moja tu, la Daktari wa meno. Ana arobaini na nne na meno yote.

Mpwa anatimiza ishirini Jumapili. Siku sita! Akishinda Jumamosi ataingia ubaoni na kumi na tisa yake.

Mimi nami niliwahi kucheza fainali hiyo nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilifungwa na fundi cherehani wa miaka thelathini na tisa. Sina zaidi la kuandika kuhusu hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemweleza mpwa mpango. Alikuwa anafanya mazoezi uwanja namba mbili baada ya kutoka kazini, kwenye duka la vipuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mjomba, nakuomba kitu kimoja tu."

Nikamwambia aombe hata viwili.

"Usinisaidie."

Vijana wana haya. Nimeanza kumsaidia saa hiyohiyo.

Adui nimemtambua. Si Daktari. Ni Mkandaji wake. Mtu wa miaka arobaini na nne hakimbii vile kwa miguu yake mwenyewe! Mkandaji ameweka benchi lake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, chupa za mafuta zimepangwa kama duka la dawa, na taulo halimtoki begani, utadhani bingwa ni yeye. Mimi ananiita Bwana Maji, kwa sababu namwagilia viwanja. Ananiita hivyo hata mbele ya wageni.

Kila Jumatano saa tisa alasiri humkanda Daktari. Asipomkanda kesho, keshokutwa kwenye nusu fainali Daktari atakuwa mkavu kama ubao. Kwa hiyo kesho saa tisa kasorobo nitaumwa mgongo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeumwa mgongo kwa wakati. Nililalama mlangoni kwa sauti ya kutosha. Mkandaji akanilaza benchini, akanibonyeza mara mbili, akafurahi. Alisema amekanda watu miaka kumi na mitano na hajawahi kukutana na mgongo ulioharibika namna hii. Nilimwambia auchukue muda wake.

Aliuchukua. Saa moja na nusu! Kwa viwiko. Kuna mahali nilimwita marehemu mama.

Daktari alifika, akaona nimelala pale, akasema hakuna neno, mgonjwa apewe nafasi. Akaenda zake nyumbani.

Mpango umefaulu. Mkono wa kulia haupandi juu ya kitovu. Naandika kwa wa kushoto.

Alhamisi, 7 Agosti

Daktari ameshinda nusu fainali kwa dakika arobaini. Aliwaambia watu hajapata kuwa mwepesi hivi. Jana, alisema, badala ya kukandwa alilala alasiri nzima, na kumbe usingizi ni bora kuliko mafuta. Mkandaji alinuna. Hilo tu ndilo lililonifariji.

Mpwa naye ameshinda! Alimtoa karani wa posta kwa seti tatu. Alikosea mipira mingi ya kuanzishia, lakini iliyoingia karani hakuiona, aliisikia tu.

Dada alikuja kutazama. Akaniuliza mbona natembea kiupandeupande. Nikasema nililalia bega. Akanitazama. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne na ananijua tangu nikiwa kwenye nepi. Akasema, "Mdogo wangu, chochote unachofanya, acha."

Sijui kwa nini watu hudhani nafanya kitu.

Ijumaa, 8 Agosti

Daktari kaniletea raketi mbili nimfungie nyuzi mpya kwa ajili ya kesho. Ameniletea mwenyewe, kwa mikono yake! Nilikaa nazo muda mrefu. Fundi ana heshima yake. Miaka kumi na tisa sijawahi kumfanyia mtu kazi mbovu kwa makusudi. Mbovu zote zilikuwa za bahati mbaya.

Nikalegeza.

Nyuzi zikilegea mpira hautawaliki. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kila atakapopiga, mpira utatua bustanini kwa jirani. Jioni akazijaribu ukutani. Mara namwona anakuja mbio. Nikaandaa maneno ya kukana.

Akanishika mkono, ule mbovu, akautikisa. Kumbe kiwiko kimemsumbua miaka mitatu na hajamwambia mtu, na nyuzi hizi laini zimemwondolea maumivu yote. Mipira inakwenda anakotaka. Alisema mimi ni fundi wa kweli. Akanizawadia mswaki.

Mpwa aliona. Akauliza ule mswaki ulikuwa wa nini. Nikamwambia Daktari anajali kinywa changu.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yenyewe. Fainali saa kumi alasiri.

Nilirudi kwenye fani yangu. Uwanja wetu mkuu ni wa udongo. Udongo mkavu unapeleka mpira kasi, na Daktari anapenda kumaliza upesi. Udongo wenye unyevu unauzuia mpira, watu wanapigiana muda mrefu, na hapo magoti ya miaka arobaini na nne yanaanza kutoa siri. Nilihitaji unyevu kidogo tu. Dakika kumi za ziada. Si hila hata kidogo, ni kilimo.

Saa nne asubuhi nikafungua bomba, nikalaza mpira wa maji katikati ya uwanja. Hapo akatokea Mkandaji getini. Akasema, mbele ya watu watatu, kwamba kijana wangu hatapata hata gemu nne.

Nikamwendea nimjibu. Nilimjibu vizuri. Nilimjibu kwa mifano. Nilimtajia yote ya redioni, karne kwa karne, naye akanijibu, nami nikamjibu jibu lake. Nilipomaliza nilikuwa nimemshinda kabisa, na ilikuwa saa sita kasoro.

Uwanja ulikuwa bwawa. Ndege wawili walikuwa wanaoga karibu na wavu.

Katibu wa klabu akaja. Ni mwalimu mkuu mstaafu na hapandishi sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. Akaangalia maji. Akaangalia bomba. Akaniangalia mimi. Akauliza kama mvua ilinyesha. Nikatazama juu, kwa muda. Mbingu ilikuwa nyeupe pe.

Akatangaza kwamba fainali huchezwa uwanja mkuu tu, kwa hiyo imesogezwa mpaka kesho Jumapili, saa nne asubuhi.

Jumapili! Atakuwa na ishirini!

Nikamwomba anipe muda wa saa tatu tu. Nilileta ndoo, sponji, magunia, maranda ya seremala, na mataulo yote ya chumba cha kubadilishia nguo, likiwemo la Mkandaji. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nimejaribu kwa ndoo arobaini na moja. Walikuwa sahihi.

Mpwa alifika saa tisa akanikuta nimepiga magoti kwenye tope. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Nikajua ni uchungu wa kuikosa historia. Akachukua ndoo moja, tukachota pamoja mpaka nilipoona hata aibu imechoka. Akaniambia, "Twende nyumbani, Mjomba."

Jumapili, 10 Agosti

Nilidamka kwenda kwa dada. Swali lilikuwa moja: mtoto alizaliwa saa ngapi? Kama ni jioni, basi saa nne asubuhi bado ana kumi na tisa. Sheria ni sheria.

Dada akasema alizaliwa saa kumi na moja alfajiri, na kwamba nilikuwepo, nimelala kwenye benchi la wodi nimeachama. Nikauliza kama saa ya wodi haikuwa mbele. Akanimiminia chai, akasubiri niimalize, akanifungulia mlango.

Mechi. Seti ya kwanza Daktari alimfunga sita kwa nne. Nyuzi zangu zilifanya kazi ya ajabu. Mipira ilitua mstarini kama imepelekwa kwa mkono. Nilitaka kulia, na sikujua kwa ajili ya nani. Seti ya pili wakafika tano kwa tano. Mpwa akapiga mpira mmoja wa kuanzisha ambao Daktari aliutazama ukipita, kama mtu aliyeachwa na basi. Saba kwa tano. Seti ya tatu magoti yakatoa siri. Daktari akawa anajifuta jasho kati ya kila pointi, anavuta muda, na mpwa anamngoja bila haraka. Sita kwa tatu!

Nilipiga kelele. Nilimkumbatia aliyekuwa karibu. Alikuwa Mkandaji. Tukaachana haraka.

Dada alilia waziwazi. Mpwa akasalimiana na Daktari wavuni, kisha akaja moja kwa moja kwangu, kabla ya mama yake. Akainama sikioni.

"Jana tumbo lilinishika tangu alfajiri, Mjomba. Nisingemaliza hata seti moja. Ulifanya makusudi?"

Nikasema ndiyo.

Akacheka, akaniwekea kombe mikononi nilishike. Mkono wa kulia ukapanda mpaka juu, wenyewe. Baadaye nilikwenda kunawa uso. Vumbi lilikuwa jingi.

Jioni mchoraji wa mabango akaandika ubaoni: jina, mwaka, 20. Nilimfuata Katibu. Nikamwomba aandike kumi na tisa na siku moja. Akakataa. Nikasema basi ile ishirini iandikwe kwa wino hafifu. Akaniambia niende nikakaushe kona ya kaskazini, bado ina vyura.

Jumatatu, 11 Agosti

Daktari wa meno amekuja karakanani kwangu asubuhi, peke yake. Alikaa kwenye kigoda akiipapasa raketi yake. Akasema pengine wakati wake umekwisha. Akasema Januari anatimiza arobaini na tano, na mtu ajue kuwapisha vijana.

Sikukubali. Nilimwambia asiwe mjinga, samahani, Daktari. Dunia nzima ya tenisi sasa ni ya watu wazima! Kijana akishinda leo ni ajali. Anachokosa mkubwa ni mtu wa kumpangia mambo kwa akili. Akaniuliza mtu huyo atampata wapi. Nikachomoa kalamu na karatasi, kama wanavyofanya wataalamu.

Tumekubaliana. Mwaka ujao nitamfanya bingwa mzee kuliko wote katika historia ya klabu. Mkandaji hahitajiki. Nimeshamwandalia ratiba, ukurasa mzima.

Kikwazo ni kimoja tu. Bingwa wa sasa ni kijana wa miaka ishirini, ana nguvu za kutisha, na kila mwaka atazidi kukomaa. Nimemwalika kwa chai kesho. Nitamshauri, kama mjomba, ajaribu kuogelea.