Kayaki Isiyopwaya

Jumatatu, tarehe 4

Mwanangu anapata kayaki! Ya kuvulia samaki, ya kwake peke yake, kabla wiki haijaisha! Nimeandika hili kwanza, viatu bado viko miguuni.

Haya, sasa nimevua. Shajara, hujambo.

Ni huyu binti yangu, kitinda mimba, Daktari. Kazini wanamwita msaidizi wa daktari wa meno. Hayo ni ya kazini. Anayeshika mpira wa kunyonya mate ni nani? Bila yeye mgonjwa si angezama palepale kitini?

Sababu ya kayaki ninayo. Kliniki yao imemwandikia barua. Wanafungua tawi mji wa ng'ambo ya ziwa na wanamtaka ahamie huko. Ajibu kabla ya Jumamosi. Barua niliikuta mezani. Sikuisoma. Niliisoma mara mbili.

Yeye hajaniambia neno. Mimi sijamuuliza neno. Tunakunywa chai tukitazamana kama paka wawili.

Basi nimewaza, nimewazua. Kila Jumapili mwanangu huvua kwa mshipi akiwa juu ya jiwe. Aliwahi kuniambia kwamba samaki wakubwa wako mahali mguu usipofika. Na mtoto wa Mama Mapazia humpita pale jiweni na kayaki yake nyekundu, akipunga mkono kama mtawala. Kumbe ndicho kinachomfukuza mwanangu mji huu! Mpe kina cha maji, uone kama atahama.

Mama Mapazia, jirani, anashona mapazia. Mimi nashona nguo. Pazia ni mstari ulionyooka, mtu yeyote mwenye rula anashona pazia. Leo kaniambia mwanawe kavua samaki mkubwa kuliko mto wa kitanda. Nikamwambia wa kwangu kayaki yake tayari imenunuliwa, inasubiri tu kuchukuliwa.

Haijanunuliwa. Kesho nitajua kayaki zinauzwa wapi.

Jumanne, tarehe 5

Zinauzwa nyuma ya duka la matairi. Muuza boti ni mtu mpole mwenye kalamu sikioni. Nilimwambia bajeti yangu. Akavuta pumzi. Akanipeleka uani, kwenye zilizotumika.

Kanionyesha ya kijivu, pana kama mlango. Eti hiyo ndiyo ya mvuvi anayeanza. Unakaa juu yake, haiyumbi, ufito wa kuvulia una pa kuchomeka. Nikainama kuitazama. Ina matundu! Matundu kabisa, unaona majani upande wa pili! Nikamwambia baba, mimi ni fundi cherehani, miaka ishirini na sita, na tundu nalijua nikiliona. Akasema hayo ni ya makusudi, maji yakiingia yanatokea humo. Nikamuuliza kama yanajua njia ya kutokea, njia ya kuingilia nani kayaficha? Akacheka mpaka kalamu ikaanguka.

Lakini matundu si kitu. Upana! Mwanangu ana kiuno cha nyigu. Kumweka mle ni kumvika koti la kuazima. Litapwaya.

Nyuma yake, imeegemea ukuta, niliiona ya kijani. Nyembamba. Imechongoka mbele na nyuma kama sindano. Unaingia ndani, inakukumbatia. Nilisimama pale sijui muda gani. Nilimwona mwanangu ndani yake, maji yametulia kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi, naye anakata katikati, taratibu, bila kuacha mkunjo. Ukungu unafunguka mbele yake. Samaki wanapisha. Ng'ambo hakuna mji wowote. Hakuna kliniki. Kuna maji tu, na yeye anageuka, anarudi kwa mama yake.

Muuza boti alikuwa ananiuliza kitu. Sikumsikia.

Jumatano, tarehe 6

Leo kazi ya kijasusi. Nimemwambia Daktari nataka kumshonea gauni, nimpime. Nikamkalisha sakafuni, miguu ameinyoosha mbele. Nikapima nyonga, mapaja, unyayo mpaka kisigino. Akauliza tangu lini gauni linapimwa mtu amekaa kama anaendesha gari. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akauliza mbona nampima na urefu wa mikono akiizungusha hewani. Nikamwambia mikono mipana, mwanangu, ndiyo inayovaliwa siku hizi.

Akaniangalia kwa upole fulani. Nikadhani ataniambia jambo. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha akasema gauni liwe la bluu.

Nyonga akiwa amekaa: inchi kumi na sita. Nimeongeza mbili za kupumulia. Kumi na nane! Ya kijivu ina thelathini na nne. Hata mimi mwenyewe ingenipwaya, na mimi si wa jana.

Alhamisi, tarehe 7

Nimeinunua ya kijani! Upana wake inchi ishirini na moja. Imekaa kwenye kipimo kama mkono kwenye glavu.

Muuza boti aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Akasema hiyo ni ya watu wa mbio, mvuvi hawezi hata kupiga chafya ndani yake. Nikamjibu mwanangu hapigi chafya ovyo, kazi yake ni ya usafi. Akasema haya, mama, ila usiitie mikwaruzo, ukijuta uje. Kanipa na jaketi la kuelea. Nene, rangi ya chungwa, halina umbo. Sijui nani alilikata.

Mzee wangu na mwenzake waliileta kwa mkokoteni. Mzee aliuliza neno moja tu: wapi? Sebuleni. Haikukaa kwa urefu, haikukaa kwa upana. Imekaa mshazari, pua chini ya cherehani, mkia mlango wa chumba chetu. Nikaifunika kwa kitambaa cha mteja. Siri ni siri.

Mzee alipotoka nilipanda. Nilikaa tu. Nyonga zilikataa kwanza, kisha zikakubali. Nikashika ufagio kwa katikati. Kulia, kushoto. Kabati likapita. Kalenda ikapita. Dirisha lilikuwa wazi, pazia likawa linapumua, na nikasikia kabisa maji yakigonga chini yangu, tap, tap, tap. Nikamwona mwanangu ana miaka sita, kakaa mbele yangu, nywele zake zinanukia sabuni, ananiuliza samaki wanalala saa ngapi. Sikumjibu siku ile. Nilikuwa na harusi ya watu ya kushona.

Ilikuwa bomba la jikoni, sikulifunga. Mzee ndiye aliyenivuta kutoka ndani. Kwa kwapa.

Jioni Daktari karudi kazini. Akaruka kile kilima cha kitambaa, akaenda chumbani kwake. Hakuuliza! Kitu kirefu kuliko kitanda, katikati ya sebule, na hakuuliza. Nilimlea vizuri mno.

Ijumaa, tarehe 8

Siku yenyewe. Nitaandika upesi, karatasi inalowa.

Saa kumi jioni, mwanangu katoka kazini, nikamfumba macho kwa leso mpaka ufukweni. Mama Mapazia alikuwepo, kaja na kiti chake cha kukunja. Muuza matairi alikuwepo. Wateja wangu wanne walikuwepo. Nani kawaita? Mimi.

Nikafungua leso. Mwanangu akaiona kayaki. Akaniita mama, mara moja tu, sauti ndogo. Machozi yakamjaa. Nikajua nimeshinda! Nikamgeukia Mama Mapazia nihakikishe anatazama.

Akaingia. Ilimkaa! Watu waliona! Hakuna mkunjo, hakuna pa kupwaya. Nikaisukuma mwenyewe.

Ikapinduka.

Tukaigeuza, tukaimwaga maji, akaingia tena. Safari hii alipiga kasia moja. Ikapinduka upande wa pili. Nikasema ni upepo. Mama Mapazia akaniuliza kutoka kitini, upepo upi, shoga, mbona kanga yangu imelala? Mara ya tatu nikaingia majini mpaka kifuani, nikaishika nimtulize. Hapo tukapinduka wote. Mama Mapazia akasema kwa sauti kwamba nguo ikibana namna hiyo mwenyewe huifumua. Mwanawe akaja mbio na ile nyekundu yake, tukaishikilia kama nguo kwenye kamba. Sikumshukuru. Nilikuwa na maji puani.

Na mwanangu anacheka! Anacheka mpaka anameza maji. Kisha akaacha kucheka. Tulikuwa tumekaa kwenye mchanga, tumelowa chapachapa, kanishika mkono. Akasema, mama, nilishajibu ile barua. Nilijibu Jumatatu. Nimekubali. Naenda Jumatano.

Jumatatu! Mimi Jumatatu nilikuwa natafuta duka!

Akasema amekuwa akitafuta namna ya kuniambia. Kwamba juzi nilipompima alikaribia, akashindwa. Kwamba jana aliiruka kayaki kwa sababu angeuliza siri yangu, angelazimika kutoa yake. Nikamwambia barua gani, mimi sijui barua yoyote. Akasema, mama, uliirudisha kwenye bahasha kichwa chini.

Jumamosi, tarehe 9

Sikushona. Cherehani ilinitazama, nikaifunika.

Mchana Daktari kavaa viatu, kasema twende kwa muuza boti. Nikasema siendi kuchekwa. Akasema basi ataenda peke yake na atachagua mwenyewe. Nikavaa viatu.

Muuza boti hakucheka. Aliitazama ya kijani, haina mkwaruzo, imelowa tu. Akakubali tubadilishane na ya kijivu. Nilimuuliza mwanangu kwa nini ahangaike, si anaondoka? Akasema bado ana Jumapili moja. Akasema hajawahi kupewa kitu kikubwa hivi, hawezi kuondoka bila kukipanda.

Niliinamisha kichwa kama naangalia matundu.

Jumapili, tarehe 10

Asubuhi. Ukungu. Ufukwe mtupu, mimi, yeye na mzee wangu, na thermosi ya chai.

Akapanda ya kijivu. Haikuyumba. Akapiga kasia, kulia, kushoto, akaenda. Hakukata maji kama sindano. Alikwenda kama mtu anayeingia chumbani akijua kuna aliyelala. Ukungu ukafunguka, ukafunga nyuma yake. Nikawa nasikia tu kasia. Kisha sisikii kasia.

Nilisimama na kikombe. Chai ikapoa. Ilikuwa kama ziwa lote limemweka mdomoni, halimmezi, halimtemi. Sikuogopa. Nilishangaa sikuogopa. Nikawaza yuko pale sasa, mahali mguu usipofika, na hajaniuliza njia.

Ukungu ulipoinuka tukamwona. Mdogo! Kama kifungo kwenye gauni kubwa. Amekaa kitako upande, miguu anaichezesha majini, ufito umechomekwa, yeye anatafuna mkate. Mzee wangu akasema, mwachie. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Amerudi na samaki. Si mkubwa kuliko mto wa kitanda. Ni wa mkono. Lakini Mama Mapazia nimemwambia alimrudisha mkubwa zaidi majini, kwa huruma.

Jumatano, tarehe 13

Ameondoka. Basi la saa moja asubuhi. Gauni la bluu nimelimaliza usiku wa kuamkia leo, akalivaa. Limemkaa.

Kanieleza mara tatu, polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa. Atakuja mwisho wa mwezi. Kwa basi. Kayaki ibaki hapa, atakuwa anaikuta. Nisimfuate. Nisimtumie mtu. Nisimwambie mtu yeyote kwamba yeye ndiye mkuu wa tawi.

Kituoni nilimwambia dereva awe mwangalifu, amebeba mkuu wa tawi.

Nyumba ina nafasi. Kayaki iko sebuleni, sijui kwa nini bado tunaizunguka kwa upana ule ule.

Alhamisi, tarehe 14

Shajara, nimeamka na wazo.

Mimi ndiye niliyekosea, nakiri. Kayaki ile haikuwa kosa la kipimo. Nilimpima mtu asiye sahihi! Anayebaki na ziwa ni nani? Mimi. Mwenye mtoto ng'ambo ni nani? Mimi. Basi ndoto yenyewe nimeiona, wazi kama mchana. Mimi nipo majini, maji yametulia, nakwenda, nakwenda, mpaka naona paa la kliniki, na Daktari yuko dirishani, mpira wa mate mkononi, anamwambia mgonjwa wake, subiri kidogo, yule ni mama yangu.

Nimejipima nimekaa. Hesabu yangu ni siri yangu. Ya kijivu inapwaya kila upande, kama nilivyosema tangu mwanzo. Nimeijaza sponji kulia na kushoto, nimeshonea kitambaa cha maua juu. Sasa inabana vizuri, kuingia tu ndiyo kazi. Lile jaketi la kuelea nalo lilinifanya kama gunia. Nimelifumua, nimetoa manyama yote ya ndani, yale yanayoelea, nimelipunguza kiunoni, na yale manyama nimeyatia kwenye kiti. Hakuna kilichopotea. Kuogelea sijui, lakini siendi kuogelea, naenda kupiga kasia.

Mzee wangu alilinyanyua jaketi, akalichungulia ndani, akaliweka chini. Amevaa kofia, ametoka, na dirishani nimemwona akibisha kwa Mama Mapazia, akimwulizia yule kijana wa kayaki nyekundu kama Jumapili ana shughuli. Wivu unamsumbua, maskini.

Mama Mapazia mwenyewe kaja mlangoni dakika tano baadaye, kaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli tupu. Kaniuliza tena kama najua ng'ambo ni mbali kiasi gani. Nikamwambia kwa mapazia ni mbali.

Nimewaambia wateja wote, muuza matairi, muuza boti (kashika kichwa kwa furaha), na dereva wa basi ampelekee Daktari habari akae dirishani. Aje kila mtu ufukweni na kiti chake: Jumapili, tarehe 17, saa tatu kamili asubuhi.