Hatuna Shanga, Tuna Vitufe

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi kalazwa, mguu. Kaniachia funguo za duka lake la shanga. Kasema nikilitunza vizuri hadi atoke, tutakuwa washirika. Mimi, mshirika! Ila neno lenyewe linatia aibu. Ushanga! Kamusi nayo haina huruma: kidude cha duara chenye tundu, hutungwa uzini. Bidhaa nzima kujulikana kwa tundu lake? Nimepata neno lenye hadhi. Vitufe.

Jumanne, 5 Machi
Bango jipya limepanda: VITUFE VYA FAHARI. Mchoraji kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Wivu.

Jumatano, 6 Machi
Wateja wawili. Wa kwanza kaleta simu, namba tano haibonyezeki. Wa pili kasimama mbele ya makopo yaliyojaa shanga, kauliza kama shanga zipo. Nikamjibu hatuna shanga, tuna vitufe. Kanitazama kama mgonjwa, akaenda zake. Msusi wa mlango wa pili kacheka hadi kaangusha kitana. Kaniita Profesa Tufe.

Alhamisi, 7 Machi
Siku mbaya. Kaja mama mshonaji, mteja wa Shangazi tangu sijazaliwa. Gauni la harusi la bintiye limepungukiwa shanga za shingoni, Shangazi alimwekea. Harusi Jumamosi. Kopo lilikuwa mkononi mwangu! Lakini msusi alikuwa mlangoni, masikio wima. Nikaona nikilegeza, neno limekufa. Nikamwambia mama aseme vitufe kwanza. Kasema, mwanangu, mimi ni sawa na mama yako, hunifundishi kusema. Katoka akijifuta macho. Ulimi wangu huu!

Ijumaa, 8 Machi
Mama kaenda moja kwa moja wodini kumpa Shangazi pole: kumbe duka limeacha shanga! Shangazi kalia hadi muuguzi kaitwa. Nilipofika, kanyoosha kiganja tu. Nikaweka funguo. Ushirika, buriani. Kopo la shanga nilikuwa nimelibeba; nimempelekea yule mama kwa miguu. Hakunikaribisha. Binti ndiye aliyetoka, kanishukuru kwa adabu. Heri angenitukana.

Jumapili, 10 Machi
Nasikia gauni lilipendeza. Mimi sina hamu hata ya chai. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu kahamia kabisa. Nimejichunguza asubuhi nzima kosa lilikuwa wapi. Nimelipata: neno halina kasoro, watu hawajalizoea tu. Bango halina sauti! Muuza redio kakubali kuniazima kipaza sauti. Kesho Shangazi anarudi dukani. Nitakuwa ng'ambo ya barabara, namtangazia. Hajui lolote. Atafurahi!