Mazoezi Makavu

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo limebandikwa mlangoni mwa bwalo. Mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola ya upepo, wafanyakazi wote, Jumamosi ya wiki ijayo. Mshindi anapewa tiketi ya kwenda kwao na kurudi, na likizo juu yake. Nimelisoma mara mbili. Shule niliishia darasa la sita, na tangazo tamu namna hii huwa lina mtego mstari wa chini. Mtego hakuna.

Nabeba magodoro kiwandani hapa tangu mwanangu wa mwisho yuko tumboni. Sasa anaongea. Ananiita Baba wa Simu. Juzi kamuuliza mama yake kama nina miguu.

Nimejiandikisha. Bastola sijawahi kushika. Lakini kulenga ni kutazama na kubonyeza, na vyote viwili naviweza.

Jumanne, 4 Machi
Nimemfuata mlinzi mkuu, askari mstaafu, ndiye msimamizi wa mashindano. Kila mtu kwake ni kijana, hata mimi mwenye mvi. Kasema hana risasi za kuchezea na wabeba magodoro. Nikambembeleza hadi akachoka. Kanipa bastola kuukuu ambayo haishiki upepo tena, ila kifyatulio chake kizima.

Anasema wapigaji wazuri hufanya mazoezi makavu. Unalenga, unabonyeza, inalia ka, hakitoki kitu. Mkono ukitikisika unauona. Ukizoea kutulia bila risasi, utatulia na risasi. Halafu kaniambia siri: shabaha usiitazame. Tazama kijino kilicho kwenye ncha ya mtutu. Shabaha iache iwe ukungu.

Nimempenda mzee huyu. Leo nimepiga hadi kidole kikafa ganzi na sijakosa hata mara moja.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechora doa jeusi ukutani, juu ya kitanda cha shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, dereva wa foklifti, tunalala chumba kimoja, na usingizini anaendelea kuendesha hiyo foklifti kwa pua.

Jioni nimelenga. Ka. Ka. Kauliza kama chumbani kumeingia mjusi. Nikamweleza mpango wangu wote, kosa langu la kwanza. Akasema, "Shemeji, wewe hata uzi kwenye sindano nakutilia mimi." Nikamjibu kwamba sindano haina kijino.

Kampigia dada yake kumsimulia. Mke wangu kacheka mpaka simu ikakatika.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji naye kajiandikisha. Eti hata yeye ana kwao. Kwao si ni kulekule kwa mke wangu, nyumba ya tatu? Nimemwambia tiketi ni moja na mimi nina mtoto. Kasema yeye ana mama.

Mazoezi hafanyi. Anasema mkono wa usukani hautetemeki. Basi leo alfajiri sikumwamsha kama kawaida yangu. Acha achelewe, bosi amfute jina. Kachelewa kweli. Foklifti ikalala bila dereva, na shehena yote ya asubuhi tukaibeba mabegani, mimi nikiwa mbele.

Shemeji kafika ameshiba usingizi, katukuta tumemaliza. Katushukuru.

Jumanne, 11 Machi
Mama Ghala, mtunza stoo, kapanga nafasi nyuma ya ghala. Mimi ya nne, shemeji ya tano. Karatasi zetu za shabaha zimesimama bega kwa bega mbele ya lundo la mchanga.

Kila saa ya chakula nasimama nafasi ya nne na bastola yangu mfu. Nimeweka sarafu juu ya mtutu. Ka. Sarafu haikuanguka. Mama Ghala kapita na sahani, kaniambia, "Baba, si ule kwanza?" Nikamwambia bingwa hali. Alasiri msimamizi wa kazi kanikuta nimelala juu ya godoro nililokuwa nalibeba.

Ijumaa, 14 Machi
Nimefunga begi. Ndani kuna viatu vya mtoto, vyekundu. Namba nimekisia. Nimemwambia mke wangu amwambie mtoto kwamba miguu inakuja. Kaniomba nisimwahidi kitu ambacho hakijawa. Nikamwambia asubiri kesho.

Jumamosi, 15 Machi
Naandika taratibu.

Asubuhi nimekuta jua limeelekea nafasi ya nne, linachoma macho. Saa ya chakula huwa halipo. Ya tano iko kivulini. Nikamwambia shemeji kwamba kama mkubwa wake namwachia nafasi yangu, nimeizoea, ina baraka. Hakuuliza kitu. Kahamia ya nne, kakunja uso kama anakatiwa kitunguu. Nilitabasamu moyoni.

Nikasimama ya tano. Nikatazama kijino. Kila kitu kingine kikawa ukungu, kama nilivyofundishwa. Mkono ukainuka wenyewe, ukatulia kama umepigiliwa msumari. Risasi kumi. Maishani sijawahi kufanya kitu vizuri namna ile.

Mama Ghala kaleta karatasi. Ya tano ilikuwa safi kama shuka mpya. Ya nne ilikuwa na matundu kumi na moja, kumi yamebanana katikati.

Miguu ilihama. Mkono haukuhama.

Nikadai matundu yangu. Mlinzi mkuu kakuna kidevu, kasema karatasi ni ya aliyesimama mbele yake, na kwa kuwa risasi ni kumi, tundu moja baya zaidi lifutwe. Likafutwa. Ndilo pekee lililokuwa la shemeji.

"Hongera, kijana," kamwambia. Watu wakambeba.

Jumapili, 16 Machi
Shemeji kakaa kitandani bila kunitazama. Kasema risasi zake tisa aliziona zikiingia mchangani. Kaenda ofisini kuomba tiketi ibadilishwe jina. Wamekataa.

Nimempa begi. Kauliza, na viatu hivi? Nikamwambia hivyo hasa.

Jumapili, 23 Machi
Shemeji kanipigia simu kutoka nyumbani kwangu. Anasema mtoto alimtazama miguu kwa muda mrefu, halafu akamtangazia mama yake kwamba Baba wa Simu ameshafika na miguu anayo. Ikabidi aelezwe kwamba huyu ni mjomba. Kakubali, ila kwa shingo upande. Viatu vinambana. Amekataa kuvivua.

Kisha nikapewa mtoto mwenyewe. Kauliza nitakuja lini. Nikamwambia karibu. Kauliza karibu ni lini. Mtandao ukakatika, au mimi nilikata.

Nimetafakari kosa langu wiki nzima. Kosa ni jua.

Jana limebandikwa tangazo jipya bwaloni: mashindano ya kuogelea, mwezi ujao, zawadi tiketi ileile. Maji yaliyopita magoti yangu sijawahi kuingia. Lakini kitanda cha shemeji kitupu, na godoro lake ni la daraja la kwanza. Nimelala kifudifudi, nimetupa mikono, nimepiga mateke mpaka jirani kagonga ukuta.

Naendelea vizuri. Sijazama hata mara moja.