Chembe Zisizopenda Kusukumwa

Jumatatu, 4 Mei

Mtafiti wa chuo kikuu ametuagiza tuandike yote kuhusu majaribio yetu, hata ya aibu. Naahidi: sitaficha kitu. Ijumaa atakuja shuleni kuchagua mwanafunzi mmoja akafanye kazi maabarani kwake likizo nzima. Lazima niwe mimi!

Jaribio langu ni programu niliyoiandika mwenyewe: chembe mia mbili za kuigiza ndani ya kompyuta. Kila moja ina kichwa cha buluu kinachopenda maji na mkia mwekundu unaoyachukia. Joto likizitikisa, zijikusanye zenyewe kuwa vidonge, mikia ndani, vichwa nje. Kwa kanuni hiyohiyo utando wa seli hai hujijenga bila fundi. Ajabu!

Jumatano, 6 Mei

Hakuna kilichojikusanya. Nimeikodolea macho kompyuta mpakato ya mjomba dukani kwake, wateja wa fotokopi wakininung'unikia. Mjomba kauliza: mama, hizo zako zimelala au zimekufa? Binamu yangu, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani, kasema zinaniogopa. Yeye atapeleka volkano ya siki na magadi. Tena volkano!

Alhamisi, 7 Mei

Kungoja basi! Nimeshusha joto mpaka chembe zikaganda, kisha nimezisukuma kwa kipanya, moja moja, hadi duara safi. Mikia nimeiweka nje; nyekundu inapendeza zaidi. Nani atajua?

Ijumaa, 8 Mei

Mtafiti alijua. Aliniuliza kwa upole: mwanangu, seli yako inaishi kwenye friji? Akapandisha joto. Duara likatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Profesa alicheka hadi miwani ikatumbukia kwenye volkano.

Nilitoka nje nikilia, nikasahau kuzima kompyuta. Niliporudi kufungasha, watu wameizunguka meza yangu. Vidonge vya buluu! Mikia ndani, vichwa nje, vimejipanga vyenyewe, mimi sipo! Mtafiti alisema kanuni nilizoandika ni sahihi. Tatizo ni mikono yangu. Nafasi nimepata! Sharti moja: nikishaanzisha jaribio, nisiguse.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeelewa kabisa. Kazi yangu ni kuweka kanuni na kungoja. Hata Profesa kanipongeza, miwani ikinuka siki.

Ila nimevitazama tena vidonge vyangu kwenye kompyuta. Kidonge cha kushoto kimekaa upande.

Shikamoo, Mtafiti. Shajara naituma leo, nami naomba jibu upesi: nikikisukuma hicho kimoja tu, kidogo sana, kwa kidole kimoja, hapo nitakuwa nimegusa?