Lita Ishirini za Maji Matupu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Leo nimekabidhiwa bahari! Ni ya vioo, ina ukubwa wa sanduku la safari, na imewekwa sebuleni pale palipokuwa na redio. Ndani mna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na matumbawe hai matano. Moja la kijani lina vidole vinavyopunga majini kama mtu anayesimamisha teksi.

Mjomba amepata kazi ya kusafiri na hawezi tena kuitunza. Atarudi Jumapili ya tarehe 17. Akiyakuta matumbawe yote matano yako hai, bahari ni yangu moja kwa moja. Likifa hata moja, anampa Profesa. Profesa ni binti wa mama mkubwa. Tunasoma darasa moja. Tulizaliwa wiki moja, yeye Jumatatu, mimi Alhamisi, na hajawahi kuniacha nisahau ni nani dada.

Kazi yenyewe ni moja. Kila siku lita moja na nusu hupotea kwa mvuke, chumvi inabaki. Kwa hiyo naongeza maji matupu, yaani yasiyo na chumvi, klorini wala kitu kingine chochote. Mjomba ameniachia lita ishirini katika madumu mawili ya njano. Amenipa pia kipimo chenye umbo la kalamu. Unachovya, kinatoa namba. Maji ya madumu: sifuri. Maji yetu ya bomba: 312. Mjomba akasema maji ya bomba yana chakula cha mwani na dawa ya kuulia matumbawe, nisithubutu.

Sitathubutu.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimetoka shule nikayatazama madumu kwa makini. Moja lina mabaki ya karatasi ya mafuta ya kupikia. Mdomoni mwa lile la pili pana duara la kijivu. Siwezi kuyapa matumbawe maji yaliyokaa mahali kama hapo! Nikamwaga yote. Nikasugua kwa sabuni na steli waya, nikasuuza mara tatu. Yaling'aa kama mapya.

Kisha nikaenda kuyajaza.

Nilisimama mbele ya bomba muda mrefu sana.

Bibi alinikuta nimekalia dumu, akauliza kuna msiba gani. Nikamweleza. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema angalau madumu yametakata, Mjomba akirudi atapata pa kuwekea machozi.

Mjomba sitamwambia. Maji ni maji. Kusafisha maji tumefundishwa tangu darasa la nne. Kinachotakiwa ni kuchagua njia bora.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Njia ya kwanza: kuchemsha. Alfajiri kabla ya shule, dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Nikapoza, nikachovya kipimo. 340! Nikapima tena. 341. Yaani yamechafuka kwa kusafishwa.

Nikamuuliza mwalimu wa sayansi. Alifurahi mno. Akaeleza darasa zima kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu. Kinachoondoka ni mvuke, na vilivyoyeyuka hubaki sufuriani vikazidi kukolea. Profesa akanyoosha mkono, akataka kujua kwa nini swali hilo limeulizwa. Nikasema namuulizia jirani. Profesa akasema jirani huyo apewe pole.

Matumbawe hayajapata tone tangu Jumatatu.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Njia ya pili: mkaa na mchanga. Nilitoboa ndoo chini, nikapanga kokoto, mchanga, mkaa uliotwangwa, na kitambaa cheupe juu. Mnara wa kupendeza. Maji yalitoka meusi kama wino. 588.

Kitambaa kilikuwa foronya mpya ya Mama. Mama akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kama mto nao unasubiri zamu yake au bado. Nimeifua mara nne. Sasa ni ya kijivu. Nimemwambia rangi hiyo inaficha uchafu. Hakushukuru.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimepata! Mwalimu alisema kinachoondoka ni mvuke. Basi nikamate mvuke! Sufuria kubwa jikoni, bakuli ndani yake, kifuniko kimepinduliwa. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unadondoka bakulini. Baada ya saa tatu nikawa na glasi moja na nusu. Nikapima. 6!

Nilicheza. Nilicheza peke yangu jikoni, mwiko mkononi. Nikakausha kipimo vizuri na kukivalisha kifuniko chake cha plastiki kinachoonyesha ndani, mvuke usikiharibu, maana kifaa kama hiki ni cha kutunzwa. Katikati ya kucheza moto ukalegea, ukawa wa buluu hafifu, ukazimika. Gesi imekwisha.

Baba alirudi kazini akala mkate mkavu. Aliula taratibu, akiitazama bahari. Akasema samaki wale wawili wanaonekana wameshiba.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Maji yameshuka kupita mdomo wa pampu. Inakoroma. Lile tumbawe la kijani limefumba nusu ya vidole.

Mama mkubwa alikuja kumsalimu Bibi, na Profesa nyuma yake. Profesa akaenda moja kwa moja kwenye kioo. Akainama.  Halafu akauliza kwa upole kabisa kama bahari yangu imekupwa.

Nikasema ni mpango maalumu.

Akasema kwao wana mashine ya utando, ile inayosukuma maji kwenye ngozi nyembamba na kuacha uchafu nyuma. Baba yake anaitumia kwa maji ya betri gereji. Kama nina shida ya maji matupu niende na dumu tu. Akasema, "Usione haya, mdogo wangu."

Mdogo wangu! Siku tatu!

Nikamjibu kwamba nina kila kitu. Walipoondoka nikajifungia chooni nikajiuliza kwa nini nilisema hivyo. 

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nami nina mashine ya utando! Fundi bomba wa nyumba ya pili alikuwa nayo stoo, ya mteja aliyehama. Alikuja kuifunga kwenye bomba la jikoni na kunieleza yote huku ameng'ata skrubu. Ina mipira miwili ya kutolea maji. Mmoja ni wa maji safi, akasema, na mwingine ni wa maji yaliyokataliwa. Hapo simu yake ikaita, kuna choo cha mtu kinafurika, akatoka mbio.

Hakukuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Mpira mmoja unatiririka kwa furaha. Mwingine unadondosha kama pua yenye mafua. Mashine nzima haijatengenezwa ili itoe matone! Nikaweka dumu kwenye unaotiririka, na ndoo ya deki kwenye ule wenye mafua.

Dumu lilijaa mara moja. Nikachovya kipimo. 000! Nikatikisa, nikachovya tena. 000! Mara ya tatu, Bibi akiwa shahidi. 000!

Bibi alichota kikombe kwenye ndoo ya deki, akanywa, akasema maji gani haya hayana ladha, ni kama kulamba kioo. Nikamweleza kwamba hayo ndiyo yaliyokataliwa. Akasema ndiyo maana. Mama akayapigia deki nyumba nzima.

Nikaijaza bahari lita tisa kwa mkupuo, mpaka kwenye alama aliyoichora Mjomba kiooni. Pampu ikaacha kukoroma. Kimya kitamu!

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Samaki wote wawili wako juu, wanahema kwa midomo wazi. Matumbawe yote yamefumba. Lile la kijani limekuwa kama glavu iliyodondoka barabarani.

Nikafikiri, maji safi hayajatosha. Nikaongeza lita mbili.

Shuleni niliandika insha kuhusu usafi wa mazingira, nikapata alama zote. Niliporudi nyumbani, samaki mmoja alikuwa amelala ubavu. Anapumua. Nimekaa mbele yake mpaka nikaitwa kula mara tatu. 

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Nimekwenda kwa Profesa. Mitaa miwili tu, lakini nilirudi njiani mara mbili. Nikamwambia kila kitu. Hata foronya.

Hakucheka. Hilo lilinitisha zaidi. Alibeba madumu, chumvi ya bahari na kichupa cha dawa ya kuvunja klorini, akaja nami haraka hata viatu hakufunga kamba. Akaomba kipimo. Akakitazama. Akashika ncha yake na kuvuta. Kifuniko kikatoka.

Sikuwa nimekivua tangu Ijumaa. Nilikuwa napima hewa.

Akachovya kwenye mpira unaotiririka. 405. Akachovya kwenye ule wenye mafua. 7.

Akanitazama, akaitazama sakafu, akauliza yale maji ya mafua yalikwenda wapi. Nikamwambia. Hapo ndipo alipokaa chini na kucheka, akipigapiga sakafu kwa kiganja, akisema hajawahi kukalia sakafu safi namna hii maishani mwake. Bibi akamuunga mkono kutoka chumbani.

Halafu akakunja mikono ya sweta na kufanya kazi mpaka jioni. Alibadilisha maji kidogo kidogo. Yule samaki alisimama wima kabla Profesa hajaondoka. Akasema hapendi anavyoliona tumbawe la kijani, lakini tungoje. Akasema nisiguse kitu chochote mpaka Jumapili, maji ataongeza yeye. Nikasema ahsante, dada.

Neno lilitoka lenyewe.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Mjomba amefika saa nne. Hakukaa. Alihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikabaki hewani, palipokuwa na la kijani.

Nilikuwa nimejiandalia maelezo ya kurasa mbili. Nilifika mstari wa tatu nikalia. Mjomba akanipa leso yake, akasema kuna watu wazima walioua zaidi ya hivyo kwa siku moja, na yeye ni mmoja wao. Lakini neno lake ni neno lake. Profesa akasema mimi nilijitahidi sana. Afadhali angenicheka.

Bahari ikachukuliwa kwa ndoo kwenda kwa Profesa, samaki wakiwa ndani ya mfuko. Redio imerudishwa mezani. Baba ameiwasha. Hakuna aliyeisikiliza.

Kabla ya kuondoka Mjomba alinikabidhi mtungi wa kioo wenye maji ya bahari, na ndani yake tumbawe dogo la zambarau, kama uyoga. Akasema ni aina inayokataa kufa, hata mtunzaji wake akishirikiana na adui. Profesa ataleta maji yaliyo tayari kila Jumamosi. Kazi yangu kwa mwezi mzima ni kutofanya kitu, hata maji nisiyaguse. Nikiweza hilo, tutazungumza tena. Akanishika bega aliposema tutazungumza. Nimelishika neno hilo.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Nimeandika ratiba ya kutofanya kitu na kuibandika ukutani. Asubuhi kabla ya shule: kutofanya kitu. Saa tisa: kutofanya kitu, dakika kumi. Jioni: kuandika matokeo. Leo nimeifuata yote bila kosa. Uyoga umefunguka kidogo. Nina matumaini makubwa!

Nikiwa natoka shule nilipita kwa kinyozi wa kona. Ana kisanduku chenye taa ya buluu anamoweka mashine na vitana, kila kijidudu kinakufa. Nikamuuliza kama taa hiyo inaweza kusafisha maji. Akasema kwa nini isiweze. Nimepima, mtungi unaenea kabisa vitana vikitolewa. Na Mjomba alinikataza kuyagusa maji. Taa haiyagusi, inayaangazia tu. Kinyozi amesema nimpelekee kesho saa kumi, kabla wateja hawajawa wengi. Anasema robo saa inatosha.

Nitauacha saa nzima, ili tuwe na uhakika.