Ombi la Kumrudisha Ami Chuoni Kabla Samaki Wengine Hawajaoza

Malindi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria,

Shikamoo. Naitwa Sumeiya Habib, mwanafunzi. Niwie radhi kwa kukuandikia bila kujuana.

Mlimpa ami yangu, Daktari Muhdhar, likizo ya kuandika utafiti wake kuhusu katiba na ushirikishaji wa umma. Anauandikia kwetu, na majaribio anatufanyia sisi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bibi yangu, Bi Sheikha, haruhusiwi kukaanga samaki kabla tangazo halijabandikwa mlangoni na watu kupewa muda wa kutoa maoni. Samaki changu wa Jumanne alioza tungali twatoa maoni. Bibi alisema samaki hajui katiba. Ami akayanakili kama maoni ya mdau.

2. Ami asema umma ni kila anayeguswa na uamuzi. Harufu ya pilau yetu humfikia jirani, Mama Kadii, basi naye huitwa. Husema hawezi kuchangia bila kuonja. Juzi alichangia mpaka sufuria ikabaki ukoko mtupu.

3. Zamani Bibi alitunga sheria, akatushtaki, akatuhukumu, tukalala mapema. Ami asema hayo ni mamlaka mengi kwa mtu mmoja. Uhakimu amepewa mdogo wangu Nahla, wa gredi ya pili. Kesi yake ya kwanza ilihusu mahamri aliyoyaiba mwenyewe. Alijiachilia kwa kukosa ushahidi, na sasa hatumwi dukani, kwa sababu ya uhuru wa mahakama.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nimepata nafasi katika shule ya bweni Kilifi, na Bibi amekataa. Ningemwomba taratibu, huku nikimkanda miguu. Lakini Ami ameitisha kikao cha hadhara, na shule zafunguliwa Jumatatu. Tukingoja maoni ya kila anayeguswa, nitaanza masomo nina wajukuu.

Kwa heshima, naomba mmrudishe chuoni upesi.

Mama, Bibi na Mama Kadii wanakusalimu. Jaji Nahla asema hawezi kumsalimu mtu ambaye huenda kesi yake ikamfikia.

Wako mtiifu,
Sumeiya Habib

Tanbihi: Kikao kimefanyika kabla sijaituma barua. Bibi alitakiwa atoe sababu. Alisema nyumba itakuwa kimya. Jaji Nahla akaamua kuwa hiyo ni sababu ya kulia, si ya kukataza. Naenda Kilifi. Lakini Bibi amekata rufaa, kwa hivyo naomba Ami asiondoke kabla ya Jumatatu. Bila yeye rufaa itasikizwa leo hii, na hakimu atakuwa Bibi.