Ndama wa Baba Cherono na Pumu Yangu ya Ngozi

Leo nimekwisha, marafiki. Nimekwisha mbele ya baba mkwe mtarajiwa, na aliyenimaliza ana siku tisa tu duniani.

Mnaonijua mnajua nina pumu ya ngozi. Tangu utotoni. Viwiko, shingo, nyuma ya magoti, na vidole hivi ninavyoandikia. Wengine huamka wakasali, mimi huamka nikajikuna. (Na wewe unayeniambia nioge vizuri: naoga!) Daktari alisema nipake mafuta mazito yasiyo na manukato. Basi nikajipatia yale ya kukamulia, yenye picha ya ng'ombe kwenye mkebe. Yametengenezewa chuchu za ng'ombe, naam, lakini yananifaa kuliko vikorokoro vyote vya supamaketi. Usicheke. Nusu ya mtaa wetu hapa Naivasha wanayapaka, na nusu nyingine wanayapaka na kukana.

Sasa, leo nilikuwa naenda Kuresoi kwa kina Cherono, nionwe na wazazi wake kwa mara ya kwanza. Nampenda Cherono, hapo sina mzaha. Lakini alinionya: "Baba huangalia mikono. Asipopenda mkono wako, hata chai hutamaliza."

Mikono! Kati ya vitu vyote nilivyo navyo! Nikiwa darasa la tatu, mtoto mmoja alikataa kunisalimia kanisani akidhani nitamwambukiza. Iliniuma, na bado inauma.

Baridi ya Kuresoi ilinipasua vidole kabla sijafika langoni. Nikatoa mkebe, nikajipaka kama fundi anayepiga ukuta plasta. Mikono, shingo, mpaka masikio. Nikaingia.

Baba Cherono akanipa mkono. Wangu ukachomoka kwenye wake kama samaki. Akatazama kiganja chake. Akakinusa.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Maua, mzee. Napakia maua."

"Maua ya mafuta?"

Wajomba wawili waliokuwa kwenye kochi wakakohoa kwa pamoja. Mama Cherono akaniokoa kwa chai, chai ya moto kweli kweli. Na mimi nimevaa sweta, juu yake koti, na jiko la kuni liko mlango wa pili. Mnaojikuna wenzangu mnajua joto likianza kupanda shingoni kinachofuata ni nini. Cherono akanikazia macho kutoka upande wa pili wa sebule: usijikune. Nikakalia mikono. Nikahesabu vitambaa vya makochi. Nikang'ata ulimi. Mwisho nikaomba kuonyeshwa choo.

Choo kiko nyuma ya zizi. Sikufika.

Karibu na zizi kulikuwa na nguzo ya mti, haijarandwa, ina mafundo. Nikaiangalia. Ikaniangalia. Nikavua koti, nikaipa mgongo, nikaanza kujisugua juu na chini nikiwa nimefumba macho. (Ndiyo, kama ng'ombe. Nimeshasema msicheke.)

Mara kitu chenye joto kikanishika vidole. Kumbe ni ndama, amepitisha kichwa katikati ya mbao na kuanza kunyonya. Jamani, ulimi wa ndama! Unakwaruza ila hauumizi. Unakuna mahali penyewe. Miaka yote hiyo nimehangaika na daktari, na dawa ilikuwa zizini! Nikakunja mikono ya sweta. Nikampa mkono wa pili. Nikampa kiwiko. Nikawa namwongelesha kwa sauti:

"Hapo hapo, mpenzi. Panda juu kidogo. Wewe ndiye unanielewa."

"Kijana," ikasema sauti nyuma yangu. "Choo ni kule."

Nikageuka. Baba. Mama. Wajomba wote wawili. Na Cherono, ambaye sasa alikuwa amejifunika uso kwa leso. Baba alikuwa ametoka kuwaonyesha wajomba ng'ombe wake. Akaniona mimi.

Nikaruka, na mkebe ukaponyoka mfukoni, ukabingirika, ukasimama mbele ya gambuti za Baba Cherono. Akauokota. Akausoma pande zote.

"Hii ni ya ng'ombe."

"Ndiyo, mzee. Ni ngozi. Niko na pumu ya ngozi."

"Pumu?" mjomba mmoja akashangaa. "Kwani hiyo ngozi inakohoa?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa huyo mjomba, lakini alicheka kwa niaba ya ukoo mzima. Nikaeleza kwamba haiambukizi. Nikaeleza mara tatu. Baba Cherono akanishika mkono, akaugeuza huku na huku, vidonda, mate ya ndama na yote. Hakuuachilia haraka, na wala hakujipangusa. Niliona macho yangu yanataka kuniletea aibu ya pili.

Kisha akageuka. "Mama Cherono, leta ndoo ya maziwa."

Kumbe ndama huyo ametengwa na mamake juzi, na amekataa kabisa kunywa kwa ndoo. Wamembembeleza, wamemshika kichwa, wapi! Na mimi nanukia kama chuchu za mamake.

"Ingiza vidole kwa maziwa," akaniamuru.

Basi nimeshinda Kuresoi nimechuchumaa zizini, suruali ya kitambaa imeloa, vidole ndani ya ndoo, ndama ananinyonya mpaka tone la mwisho. Mama Cherono alipiga makofi. Wajomba walipiga picha.

Wakati wa kuondoka nikajikaza kiume nikauliza, "Mzee, na yale mambo yangu na Cherono?"

Akafikiria. "Kuja Jumamosi umnyweshe tena. Hayo mengine tutaongea huyu akiacha kunyonya."

Kwa hivyo msinisumbue na maswali ya harusi ni lini. Muulizeni ndama.